Tisa wa Lady Be Good
Sehemu ya Pili: Nyuzi 330

ILIPOISHIA: Mwaka 1959, watafiti wa mafuta walifika kwa gari katikati ya jangwa la Libya na kuikuta ndege ya vita ya Kimarekani, B-24 Liberator, imelala kwenye changarawe. Bunduki zake zilikuwa bado zinafyatua, redio inafanya kazi, chakula na maji vimebaki ndani. Lakini hapakuwa na maiti hata moja, wala parashuti hata moja.

SASA ENDELEA...

Jumapili, Aprili 4, 1943. Katika kiwanja cha Soluch, karibu na Benghazi, ndege 25 za Kundi la 376 ziliagizwa kwenda kupiga bandari ya Naples, Italia. Alasiri hiyo mchanga ulikuwa ukivuma vibaya. Mchanga huo ukiingia kwenye injini, ndege hairudi salama, na kweli baadhi ziligeuza njiani.

Lady Be Good haikugeuza. Rubani wake, Luteni William Hatton, na wenzake wanane walikuwa wageni vitani. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yao ya kwanza ya mapigano. Pembeni yake aliketi rubani msaidizi, Robert Toner. Mwongoza njia alikuwa Dp Hays, na mdondosha mabomu John Woravka. Fundi wa ndege alikuwa Ripslinger, mtu wa redio LaMotte, na bunduki zilikuwa mikononi mwa Shelley, Moore na Adams.

Walifika Naples giza limeshaingia, shabaha haionekani. Mabomu wakayamwaga baharini, wakageuza kurudi, peke yao, usiku, juu ya mawingu.

Saa sita na dakika kumi na mbili usiku, Hatton aliita kwenye redio. Kifaa chake cha kutafutia uelekeo kilikuwa hakifanyi kazi; aliomba aelekezwe kituoni. Mtambo wa redio wa Benina, karibu na Benghazi, ukasoma nyuzi 330, yaani kaskazini-magharibi. Kwa hesabu hiyo, ndege ilikuwa bado baharini na iendelee kuja vilevile.

Hapo ndipo palipozaliwa msiba. Antena ya namna ile ilikuwa na uwezo wa kukuonyesha mstari ambao sauti inapita, lakini haikuweza kukwambia sauti hiyo inatoka ncha ipi ya mstari. Ni sawa na mtu anayesikia ngoma usiku akiwa njiani, ajue iko kwenye njia ileile, asijue kama ameshaipita au bado. Na Hatton alikuwa ameshapita! Fataki za mwanga zilirushwa kutoka chini kumwonyesha kiwanja. Hawakuziona. Ndege ilikuwa imevuka pwani na sasa ilikuwa inaipa bahari mgongo.

Karibu saa mbili nzima waliruka kuelekea kusini, chini yao giza tupu lililofanana na maji. Mafuta yakaanza kukatika. Injini zikazima moja baada ya nyingine. Saa nane usiku walivaa parashuti, wakaruka mmoja mmoja, wakitegemea kutumbukia baharini.

Miguu yao ikagonga mchanga.

Wanane walitafutana gizani hadi wakakutana. Wa tisa, Woravka, hakuonekana. Haya tunayajua kwa kuwa Toner alikuwa na kijitabu mfukoni, akaandika kila siku maneno machache kwa penseli. Walichokuwa nacho ni chakula kidogo sana na nusu chupa ya maji. Wakakubaliana: kifuniko kimoja tu cha maji kwa siku.

Jumatatu wakaanza kutembea kaskazini-magharibi, wakiamini kwamba pwani haiko mbali. Njiani waliacha vipande vya parashuti, wakavikandamiza kwa mawe kwa umbo la mshale, ili watakaokuja kuwatafuta wajue walikokwenda. Walitembea dakika kumi na tano, wakapumzika tano, wakainuka tena, usiku kucha. Mchana jua liliwachoma, usiku baridi iliwanyima usingizi. Kila walipopumzika walisali.

Inauma kulisema hili, lakini lazima lisemwe. Bahari waliyokuwa wakiifuata ilikuwa zaidi ya kilomita 600 mbele yao. Nyuma yao, kilomita zipatazo 26 tu upande wa kusini, ndege yao ilikuwa imeteleza yenyewe na kutua kwa tumbo. Ndani yake mlikuwa na maji. Mlikuwa na redio nzima. Hawakuwa na namna ya kujua. Na wenzao waliotoka Soluch kuwatafuta walikuwa wanapekua mawimbi ya Mediterania, kwa sababu nyuzi 330 zilisema wako baharini.

Alhamisi wakaingia kwenye vilima vya mchanga laini. Upepo uliwapiga usoni bila kukoma. Macho ya LaMotte yakapoteza nuru kabisa. Ya wengine nayo yakaanza kufifia. Adams na Moore walilegea hadi wenzao wakadhani wamefika mwisho.

Ijumaa, Aprili 9, watano hawakuweza tena kusogea: Hatton, Toner, Hays, LaMotte na Adams. Watatu wakasimama. Shelley, Ripslinger na Moore, yuleyule aliyedhaniwa kuwa anakata roho, wakawaaga wenzao na kuingia kwenye vilima kutafuta msaada.

Je, watatu hao walifika wapi? Toner aliandika nini siku yake ya mwisho? Na Woravka, aliyeruka pamoja nao usiku ule, alikuwa wapi muda wote huu?

ITAENDELEA WIKIENDI IJAYO...