Kiini Kujizima na Ingizo Lisilohakikiwa

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili dogo lenye namba 291 kwa kompyuta za wateja wake zinazotumia Windows. Dakika 78 baadaye ililiondoa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Shirika la ndege la Delta lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata, televisheni ya Sky News ikashindwa kurusha matangazo yake ya asubuhi, na madaktari wengi wa Uingereza wakakosa kuona taarifa za wagonjwa wao.

Haikuwa udukuzi, na intaneti yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichotokea kina maelezo mafupi: kiini cha mfumo endeshi kilijizima kwa sababu ya ingizo lisilohakikiwa. Kila neno katika sentensi hiyo limechaguliwa, na mengine kati yake bado yanabishaniwa.

Kiini ndicho sehemu ya mfumo endeshi inayoshika kila kitu. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu kwenye prosesa, huzungumza na diski na kadi ya mtandao. Wapo wanaoandika "kerneli", nami sina ugomvi nao wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe. Kwa msomaji wa kawaida, kiini linatosha na linazidi. Mwanafunzi amelikuta tayari katika yai, katika seli na katika atomi, likiwa na maana ya sehemu ya ndani ambayo vingine vyote vinaitegemea. Prosesa za Intel na AMD hutenganisha ngazi za mamlaka: programu tunazofungua kila siku huendeshwa katika ngazi ya 3, kiini katika ngazi ya 0. Programu ya ngazi ya 3 ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kiini huifunga nawe ukaendelea na kazi nyingine. Kosa hilohilo likitendeka ndani ya kiini, hakuna aliye juu yake wa kuamua.

Hapo ndipo kiini hujizima. Mabingwa wa Unix walilipa tukio hili jina lenye maana ya hofu, na baadhi ya wafasiri wetu wakaandika "taharuki ya kiini". Tafsiri hiyo naipinga kwa sababu mbili. Taharuki imekwisha kupata kazi yake katika fasihi, ambako ndiyo inayomfanya msomaji atake kujua kitakachofuata. Kubwa zaidi, kiini hakiogopi. Kikigundua kwamba kumbukumbu yake haiaminiki tena, husimamisha kila kitu kwa makusudi kisije kikaandika upotovu kwenye diski na kuharibu kazi ya miaka. Kiambishi "ji" kinabeba maana hiyo yote: mtendaji na mtendwa ni mmoja. Na watu wamekuwa wakisema "simu inajizima" muda mrefu kabla ya kamati yoyote kukaa. "Imeganda" ni jambo jingine, maana kompyuta iliyoganda bado inasubiri kitu.

Ingizo ni chochote kinachoingia katika programu kutoka nje yake: herufi zilizobonyezwa, pakiti ya mtandao, faili. Mara kwa mara nakuta tafsiri zinazoliita "pembejeo". Pembejeo ni mbegu, mbolea na dawa za mkulima, na mkulima hununua pembejeo akiwa anajua anataka nini. Programu haichagui kinacholetwa mlangoni kwake.

Neno lenye uzito kuliko yote ni kuhakiki. Watu wa fasihi watasema ni lao, na kweli wamelitumia vizuri. Lakini Mtanzania yeyote aliyekuwa mtumishi wa umma mwaka 2017 anajua maana yake nyingine. Baraza la Mitihani lililinganisha vyeti vya watumishi na kumbukumbu zake lenyewe, na ripoti ya Aprili mwaka huo ikaonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Cheti chenye muhuri mzuri kilipita machoni pa wakaguzi kwa miaka. Kilikwama kilipolinganishwa na chanzo. Kukagua ni kutazama kilicho mbele yako. Kuhakiki ni kukipeleka kwenye chanzo mpaka upate hakika, na hakika ndiyo iliyomo ndani ya neno lenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyoangusha kompyuta za Julai 2024. Programu ya ulinzi ya CrowdStrike iitwayo Falcon ina kiendeshi kinachofanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Februari mwaka huo iliongezewa aina mpya ya kiolezo cha kunasa mashambulizi yanayopitia njia ambazo programu za Windows hutumia kupelekeana ujumbe. Kiolezo kilieleza sehemu 21 za maingizo. Msimbo uliopaswa kuzileta ulileta 20. Kwa miezi kadhaa hakuna kilichoharibika, kwa kuwa sehemu ya 21 ilikuwa na alama ya "chochote kinakubalika", basi hakuna aliyehitaji kuisoma. Faili 291 la Julai lilidai, kwa mara ya kwanza, thamani ya 21 isomwe na kulinganishwa. Kifasiri kilichomo ndani ya kiendeshi, yaani sehemu inayosoma mafaili kama hili, kikaenda kuitafuta katika orodha yenye vitu 20, kikavuka mwisho wa orodha, kikachukua kilichokuwa hapo na kukitumia kama anwani ya kumbukumbu. Anwani haikuwa halali, na kiini kikajizima.

Kinachoniuma ni kwamba faili hilo lilikuwa limepita kwenye programu ya kuhakiki ndani ya kampuni kabla ya kutumwa. Programu hiyo nayo iliamini kwamba maingizo yangekuwa 21. Ililinganisha faili na kiolezo, haikulilinganisha na kile ambacho msimbo ungeleta kweli. Kwa maana niliyoieleza hapo juu, faili lilikaguliwa, halikuhakikiwa.

Tiba ya haraka ilikuwa ya mikono. Kiendeshi kile hupakiwa mapema sana kompyuta inapowaka, kwa hiyo nyingi zilijizima kabla ya kuwahi kupokea faili lililosahihishwa. Fundi alilazimika kuiwasha kila moja katika hali salama, kuingia kwenye folda ya viendeshi na kufuta faili lile. Pale diski ilipofungwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, alitakiwa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48. Waliokuwa na mashine pepe kwenye Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, walishauriwa na kampuni hiyo waziwashe upya, hata mara 15 ikibidi.

Kufuta faili kuliiokoa siku, kosa likabaki palepale likingoja faili jingine. Marekebisho yenyewe yanaingia katika mistari michache ya msimbo: kabla ya kusoma sehemu yoyote, kifasiri kiulize kama namba yake imo ndani ya idadi iliyoletwa kweli, kama haimo, kisisome. Huu ndio uhakiki wa mipaka. CrowdStrike iliuongeza ndani ya kifasiri siku chache baadaye, ikaongeza pia uhakiki wa idadi ya maingizo wakati msimbo unapokusanywa, na ikaahidi kusambaza mafaili kama hayo kwa awamu badala ya kuyatuma kwa wateja wote kwa mkupuo.

Swali ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni nini kifanyike uhakiki unaposhindwa. Lugha ya Rust, ambayo Linux iliipokea katika toleo la 6.1 mwezi Desemba 2022, huhakiki mipaka ya orodha yenyewe. Lakini mwandishi wa msimbo asipoeleza la kufanya mpaka ukivukwa, programu husimama palepale, na ndani ya kiini kusimama huko kunaweza kuwa kujizima kulekule. Kwa hiyo kuhakiki kunahitaji mwenzake, yaani kukataa: faili liwekwe kando, sababu iandikwe kwenye kumbukumbu za matukio, kompyuta iendelee.

Novemba 2024 Microsoft ilitangaza mpango wa kuwawezesha watengenezaji wa programu za ulinzi kuziendesha nje ya kiini. Kwa programu zitakazohama, kosa la aina hii litafunga programu ya ulinzi na kumwachia daktari kompyuta yake. Viendeshi vingi vya kadi za picha, vya diski na vya mtandao vitabaki ndani, na kila kimoja kitaendelea kupokea maingizo yaliyoandikwa na watu wasiofahamiana na walioandika kiendeshi chenyewe.