Kioo cha mlango wa dada, Mbamba Bay

Wadau, nimerudi Mlimani salama. Likizo hii nilipitiliza Mbinga mjini nikateremka hadi Mbamba Bay, kwa dada. Nikakuta mlango umepigiliwa ubao. Upepo wa ziwani uliubamiza, kioo cha milimita 3 kikapasuka vipande virefu kama visu, kimoja kikamchana binti yake mkono. Kapona, ila kovu lipo.

Sasa hapo historia yangu ikapata kazi. Zamani kioo cha dirisha kilivutwa kutoka tanurini, kikawa na mawimbi; ndiyo maana kwenye majengo ya kale ukichungulia nje miti inapinda. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikatangaza njia ya kukielea kioo juu ya bati iliyoyeyuka, kikatoka bapa. Bapa sawa, ila kinakata vilevile!

Usalama una hadithi nyingine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara, ikapasuka bila kusambaa, kumbe ndani ina utando wa dawa iliyokauka. Ndiyo asili ya kioo cha mbele cha gari: vioo viwili, katikati utando. Kingine hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla; kikivunjika ni chembe ndogo butu. Ila hicho hakikatwi tena, lazima upime kwanza.

Fundi alishauri milimita 5 ya kawaida. Nikabisha: unene hauondoi visu. Shemeji kusikia bei, akaguna. Tukakubaliana madirisha yabaki na cha kawaida, mlangoni kiwekwe cha kupashwa moto. Vipimo ninavyo kwenye daftari, nimepima mara mbili. Jumamosi nazunguka kwa wauza vioo.