Kirusi, virusi na programu hasidi

kirusi nm. (wingi *virusi*, ngeli ya KI-VI). Katika kompyuta ni programu inayojipachika ndani ya faili nyingine na kujinakili pasipo mtumiaji kujua. Andika *kirusi kimeingia*, *virusi vimeingia*. Ile *virusi imeingia* isikikayo mitaani ni ya mazungumzo. Kwa herufi kubwa, *Kirusi* ni lugha ya Warusi.

programu hasidi ni jina pana zaidi: hujumuisha virusi, programu za kupeleleza na zile zinazofunga nyaraka ili mwenyewe adaiwe fidia. *Hasidi*, lenye asili ya Kiarabu, ni mtu mwenye husuda. Hapa hutumika kama kivumishi kisichobadilika. (Programu haina husuda, lakini istilahi imekwisha kuzoeleka.)

Kufasiri jina pana kwa jina finyu si kosa dogo. Mwenye steshenari mjini Musoma akisoma kwamba «Linux haipati virusi», hulegeza ulinzi. Ni kweli kwamba virusi vya Windows vilivyomo katika flashi ya mteja kutoka Bunda au Butiama kwa kawaida haviendeshwi na Linux. Hata hivyo, faili yenye virusi ikinakiliwa hapo huweza kumfikia mteja mwingine anayetumia Windows. Ndiyo sababu ya kuichunguza flashi kwa ClamAV. Programu hasidi ya Linux, kwa upande wake, mara nyingi huingizwa na mtumiaji mwenyewe, aliyeipakua nje ya hazina rasmi ya programu. Akiipa nywila ya msimamizi, hutawala mfumo mzima. Asipoipa, bado huweza kuiba au kufunga nyaraka zake.

Afadhali: *Virusi vya Linux ni vichache, lakini programu hasidi zake zipo.*