Mechi ya tarehe 30 Desemba

Mwaka jana, tarehe 30 Desemba, nilipanga mechi ya vijana hapa Nyarugusu. Mama mmoja mzee wa kwetu Fizi akaja mpaka katikati ya uwanja, akakaa chini. Mpira ukasimama. "Mwanangu, leo hii mnacheza?"

Ndugu wasomaji, mimi nimezaliwa hapa hapa kambini. Makobola nilikuwa naijua jina tu. Mauaji yale yalianza 30 Desemba 1998, yakaingia mpaka mwaka mpya. Askari wa waasi wa RCD waliua mamia ya raia. Wengi waliopona wakavuka Ziwa Tanganyika. Matanga hawakukaa. Utakaaje matanga na maiti zimebaki kule? Mama anasema miaka ya kwanza walilia usiku, chini chini, kila nyumba kivyake. Baadaye wakaanza kusoma majina kanisani. Mwaka 2010 ripoti ya Umoja wa Mataifa ikayaandika mauaji yale, wazee wakapumua kidogo.

Sasa serikali ya Kongo imeweka 2 Agosti, siku vita ilipoanza mwaka 1998, iwe kumbukumbu ya wahanga wote. Ni vizuri, hata mimi nawasha mshumaa. Ila siku ile inasomwa hesabu ya mamilioni, na jina la mume wa mama huyu halimo.

Mechi hatukuimaliza. Mwaka huu nimeiweka tarehe 28. Vijana wananung'unika, na mama naye anasema bado ni karibu mno.