Sahan, Kisima na Darasa

Kabla Wasomali wa Ijara au Wajir hawajahamisha mifugo, vijana hutangulia. Kazi hiyo huitwa sahan. Kijana hutembea siku kadhaa, na akirudi wazee humhoji chini ya mti: nyasi ni za aina gani? Udongo una chumvi? Kupe wapo? Maji yatatosha siku ngapi? Nani wameshafika huko? Jibu la kubahatisha laweza kuua ng'ombe wa mama yake na wa jirani.

Kwa Waborana, shule ni kisima. Kwenye visima virefu vya tula, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia, watu husimama mmoja juu ya mwenzake wakipokezana vyombo vya maji huku wakiimba, mpaka birika la kunyweshea lijae. Zamu hupangwa na abba herega. Mvulana anayesubiri na ng'ombe wenye kiu huku wa mwingine wakinywa anajifunza kujizuia, somo ambalo ubao hauwezi kulifundisha.

Sahan humfunza kijana kuona na kusema kweli. Kisima humfunza zamu. Lakini mila zote mbili zina pengo. Zinatanguliza mfugo kuliko mnyamapori, na huwapa wavulana nafasi kuliko dada zao, ilhali wasichana wanaochunga mbuzi na kuchanja kuni wanaijua miti vizuri sana.

Darasa la uhifadhi nalo lina pengo lake. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kilifunguliwa karibu na Moshi kuwaandaa Waafrika kusimamia wanyamapori. Mwaka huohuo, hirola, swala ambao makao yao ya asili ni mpakani mwa Kenya na Somalia tu, walikamatwa na kupelekwa Tsavo Mashariki. Ilipopangwa kuwahamisha wengine mwaka 1996, wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu, ambayo ilitoa amri ya kuzuia uhamisho huo. Hawakuupinga uhifadhi. Walitaka hirola alindwe kwao, na wao wakiwa walinzi. Wataalamu walijua kuhesabu wanyama. Hawakuwa wamejifunza kuhojiwa chini ya mti.

Kwenye hifadhi ya Ishaqbini, kando ya Mto Tana, njia ya wafugaji na ya darasa zilikutana. Ardhi ni ya jamii, askari wa hifadhi ni vijana wa hapohapo, na watafiti wakaleta vipimo vyao. Mwaka 2012 hirola 48 waliwekwa ndani ya uzio wa kuzuia simba na fisi, na katika miaka iliyofuata wakaongezeka zaidi ya maradufu. Mtoto wa mfugaji alisoma nyayo, mtafiti akasoma takwimu, na wazee wakakubali kutoa malisho.

Ndiyo maana naamini kiongozi wa uhifadhi wa kesho lazima alelewe pande zote mbili. Mwanafunzi wa Garissa, msichana kwa mvulana, ajue ramani, ajue Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na haki inazozipa jamii. Kisha atumwe sahan: atembee mwenyewe nyikani wakati wa kiangazi, arudi, aketi mbele ya wazee wa wafugaji, aulizwe. Cheti kitampa kazi. Imani ya watu wa kwao ataipata siku watakapohamisha mifugo kwa neno lake, na wakakuta nyasi pale aliposema zipo.