Wanakemia wa Mbita

Msafiri ashukaye Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, pale nchi kavu inapokaribia kugusana na kisiwa cha Rusinga, hutarajia kuelezwa habari za mashua, omena na mbuta, wala haimpitikii kwamba ukingo huo wa ziwa umo katika tarikhi ya kemia, tena si kwa kuwa mtoto wa hapo alikwenda ng'ambo akapata cheo, bali kwa kuwa wanakemia wa mbali walilazimika kuja hapo kutafuta majibu ya maswali ambayo maabara zao hazikuweza kuyauliza.

Asili ya mambo ni Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa elimu ya miili ya wadudu katika zama zake. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Science makala juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kikazaliwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ICIPE, ambacho baadaye kilifungua tawi Mbita. Odhiambo hakuwa mwanakemia. Lakini alitambua kuwa mdudu huongozwa na harufu katika kula, kuoana na kutaga, na kwamba asiyeijua kemia ya harufu hizo atabaki kumpiga mdudu kwa sumu maisha yake yote. Kwa hiyo tangu mwanzo aliwaita mabingwa wa kemia, miongoni mwao Carl Djerassi wa Stanford na Koji Nakanishi wa Columbia. Fadhila yao ilikuwa kubwa, ingawa naona aibu kidogo kwamba majina yao hutajwa upesi kuliko ya wenyeji waliobaki na kazi baada ya wageni kurudi makwao.

Katika nchi ya Homa Bay na Migori, mkulima wa mahindi na mtama alikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni bungua, kiwavi atobolaye bua na kulila kwa ndani, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia humfikia kwa taabu. Wa pili ni kayongo, gugu lenye ua zuri la zambarau, ambalo hushika mzizi wa mhindi chini ya ardhi na kuunyonya kabla halijachomoza, hata mkulima akiling'oa huwa hasara imekwisha kutendeka. Na mmea mmoja huangusha mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo huweza kulala udongoni miaka zaidi ya 10 zikingoja mzizi upite karibu.

Katika miaka ya 1990 walikutana juu ya jambo hili watu watatu wa taaluma tofauti: Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu kutoka India, Ahmed Hassanali, mwanakemia aliyeongoza idara ya tabia na kemia ya wadudu pale ICIPE, na John Pickett, mwanakemia wa Rothamsted, Uingereza. Kazi yao ilitaka subira. Hewa inayozunguka mmea ilivutwa ikanaswa, ikapitishwa katika mtambo unaotenganisha mivuke kwa kadiri ya wepesi wa kila mmoja, na upande wa pili likafungwa papasi la nondo katika nyaya nyembamba, ili umeme mdogo wa mshipa wake uonyeshe ni mvuke upi kati ya makumi ambao nondo anauhisi. Mizani ya mwanadamu huonyesha kilicho kingi. Papasi huonyesha kilicho na maana.

Ndipo ikadhihiri kwamba majani ya nepia, ambayo wafugaji walikwisha kuyapanda kwa ajili ya ng'ombe, hutoa mivuke yake kwa wingi, yapata mara mia, katika saa ya kwanza ya usiku, saa ile ile ambayo nondo jike hutafuta pa kutaga. Naye akitaga hapo, viwavi wake wengi hufa katika utomvu wa majani hayo. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha habari nyingine ya ajabu zaidi: nyasi ya molasi, bila kung'atwa na mdudu yeyote, hutoa mvuke ambao mhindi huutoa ukishambuliwa, na kwa mvuke huo nyigu wadogo waangamizao viwavi huitika na kuja. Hivyo ukapatikana utaratibu wa sukuma-vuta: nepia pembeni mwa shamba ili kumvuta nondo, na katikati ya mistari ya mahindi, desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde uliodhaniwa kumsukuma kwa harufu yake.

Desmodiamu ilipandwa kwa ajili ya bungua, lakini katika viunga vya majaribio watu wakaona kwamba palipo nayo kayongo hupungua. Jambo hilo halikuwa limetabiriwa na kanuni yoyote. Kivuli kilidhaniwa, rutuba ya naitrojeni ikadhaniwa, na yote mawili yalisaidia, lakini hayakutosha. Jibu lilipatikana katika maji yaliyopita mizizini mwa desmodiamu: kimojawapo cha viambato vya maji hayo huamsha mbegu ya kayongo, na kingine hukizuia kimzizi chake kisikue, basi mbegu huota na kufa pasipo kuufikia mhindi. Hassanali na wanafunzi wake walivitenga viambato hivyo na kuvitambua maumbile, kazi ambayo kwa rai yangu ndiyo iliyo bora katika habari hii yote, kwa kuwa ilianza kwa macho ya shambani ikaishia katika mchoro wa molekuli.

Utaratibu huo ulienea Suba, Migori, Kuria na kwingineko, ukikwazwa aghalabu na uhaba wa mbegu za desmodiamu kuliko na shaka za wakulima. Shaka zimetoka kwa wanasayansi wenyewe: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulidai kwamba desmodiamu haimfukuzi nondo kwa harufu, bali vinyweleo vyake huwanasa na kuwaua viwavi. Kama ni kweli, neno sukuma limewekwa mahali pasipo pake, ilhali mavuno hayakubadilika. Wala si lazima tena maswali kama hayo yangoje wageni: Rongo, katika kaunti ya Migori, pana chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016, na Homa Bay pana Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Mwanakemia wa huko mwenye kompyuta nzuri aweza leo kukokotoa jinsi molekuli ya mzizi inavyoshikamana na protini ya kayongo, kisha akavuka hadi shambani kuona kama hesabu yake inakubaliana na udongo.