Gari la Spoti la Paa la Kukunja, "Kilomita Chache": Ya Kukagua Kabla ya Kutoa Pesa

Tangazo huja na maneno yale yale kila mara. Gari la spoti, viti viwili, paa la kukunja, la miaka ya tisini, mwenyewe mmoja, limetunzwa, kilomita chache mno. Picha zimepigwa jioni, rangi inang'aa, paa limeteremshwa na nyuma yaonekana bahari. Bei haiandikwi, waambiwa upige simu. Kwa kijana aliyerudi kutoka Ghuba na akiba yake, au mzee aliyestaafu ambaye moyo bado ni wa ujana, tangazo kama hilo laweza kumeza pesa ambazo nyumba nzima ilizitegemea.

Wasomaji huniuliza mara kwa mara kuhusu magari ya namna hii, kwa hivyo makala haya nimeyaandika yawekwe na yarejewe siku ya haja. Nitatumia gari moja kama mfano, nalo ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ambayo kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Mengi nitakayoyasema yanafaa pia kwa BMW Z3, Honda S2000 au Mercedes-Benz SL ya zama hizo. Hoja yangu ni moja: kilomita chache si sifa mpaka zithibitishwe, na hata zikithibitishwa, hazizuii umri wala chumvi ya bahari.

Gari lenyewe

Miaka ya 1960 Waingereza ndio waliotamba kwa magari madogo ya wazi, kina MG, Triumph na Lotus. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 magari hayo yalikuwa yakitoweka. Mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani, Bob Hall, alimwambia Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia imekosa gari dogo la wazi, jepesi na la bei ya kawaida. Baadaye Hall aliajiriwa na Mazda, na Yamamoto akawa rais wa kampuni. Gari likaonyeshwa Chicago Februari 1989, na Septemba mwaka huo likaanza kuuzwa Japani.

Ni gari la urefu usiofika mita nne na uzito usiofika tani moja. Injini iko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, silinda nne, nguvu za farasi karibu 115. Mwaka 1993 ikaja ya lita 1.8. Gea nyingi ni za mkono, tano, ingawa za otomatiki zilikuwepo. Taa za mbele hujificha ndani ya bodi na kuinuka zikiwashwa, na hiyo ndiyo alama ya haraka ya kulitambua. Kizazi hicho kilikoma 1997. Kilichofuata 1998 kina taa zisizojificha, na dirisha la nyuma ni kioo halisi badala ya plastiki.

Magari zaidi ya 400,000 ya kizazi cha kwanza yaliundwa. Mwaka 2000 Guinness ilitambua MX-5 kuwa gari la spoti la viti viwili lililouzwa zaidi duniani, na la milioni moja likatoka kiwandani Hiroshima Aprili 2016. Kwa hivyo muuzaji akikwambia gari hili ni la nadra duniani, si kweli. Kilicho nadra ni lililo zima.

Hesabu ya miaka minane

Kanuni ya Kenya, KS 1515:2000, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Piga hesabu. Gari la kizazi hiki lililosajiliwa Japani 1997 lilitimiza miaka minane mwaka 2005. Lolote unaloliona likiuzwa Mombasa, Malindi au Nairobi limekuwa nchini kwa takriban miaka ishirini au zaidi.

Hapa ndipo maneno mengi ya matangazo yanapoanguka. Mtu akikwambia gari la 1995 "limeshuka meli juzi", ama amekosea mwaka, ama ana jambo analificha. Na akikuonyesha karatasi ya Japani inayosema kilomita 30,000, hiyo ni habari ya Japani tu. Miaka ishirini ya barabara zetu, mafundi wetu na hewa yetu haimo katika karatasi hiyo.

Kilomita hupimwa kwa ushahidi

Chukua gari la miaka 30 lenye kilomita 36,000 kwenye mita. Hiyo ni kilomita 1,200 kwa mwaka, yaani 100 kwa mwezi. Kutoka Mombasa hadi Kilifi na kurudi peke yake kunapita kiasi hicho. Je, inawezekana? Inawezekana, kama lilikuwa gari la pili au la tatu nyumbani, la kutolewa Jumapili. Lakini anayedai hivyo ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Mita ya gari hili huendeshwa kwa kebo, na kebo hufunguliwa. Mita nzima pia yaweza kubadilishwa na nyingine.

Anza na karatasi. Tafuta kitabu cha matengenezo, risiti za gereji, na vibandiko ambavyo mafundi wa Japani hubandika ndani ya boneti wanapobadilisha mkanda wa taimingi, vikiwa na tarehe na kilomita. Ukikuta mwaka umeandikwa kwa hesabu yao ya Heisei, jumlisha 1988: Heisei 4 ni 1992. Panga kilomita zote kwa tarehe. Namba zikipanda kwa utaratibu, ni ishara njema. Zikiruka au kurudi nyuma, umepata jibu lako.

Kisha angalia alama za matumizi. Mpira wa pedali ya klachi, kichwa cha gea, ngozi ya usukani na ubavu wa kiti cha dereva, upande anaoingilia, ndivyo hulika kwanza. Gari la kilomita 36,000 halina sababu ya kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma. Na pedali mpya kabisa ndani ya gari la zamani nayo ni swali.

Kwa wenye jamaa Uingereza wanaotaka kununua na kutumia huko huko, kazi ni rahisi. Ukiwa na namba ya gari, historia ya ukaguzi wa MOT husomwa bure kwenye tovuti ya serikali, na kilomita au maili za kila ukaguzi tangu 2005 zimo.

Hapa kwetu, fanya upekuzi wa gari kupitia huduma za NTSA. Utajua mmiliki ni nani na kama gari limewekwa rehani ya mkopo. Kisha linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logibuku. Yale ya Japani huanza na NA6CE kwa injini ya 1.6 na NA8C kwa ya 1.8. Tangazo likisema 1.8 na chesi ikasema NA6CE, uliza injini ilibadilishwa lini na kwa nini.

Gari lililolala nalo huzeeka

Watu wetu wengi huamini kwamba gari lisilotembea halichakai. Si kweli. Raba hukauka iwe gari latembea au halitembei. Mafuta ya tangi huharibika, maji ya breki hufyonza unyevu, na oili hutiririka chini ikaacha vyuma vya juu vikavu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, kipi kitangulie. Wa miaka kumi na mitano ni wa kutolewa hata kama umetembea kilomita elfu tano.

Tairi husema ukweli haraka. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi yenye ukucha mzuri lakini ya mwaka huo haifai kwa mwendo wa barabara kuu.

Fika asubuhi na uombe injini isiwashwe kabla yako. Ikiwashwa baridi, sauti ya tiki-tiki juu ya injini hutokea kwa gari lililokaa, na mara nyingi hupungua ikipata moto na oili mpya. Sauti nzito ya kugonga kutoka chini ni jambo jingine. Kwa injini za 1.6 za mpaka mapema 1991, mwambie fundi aangalie puli ya mbele ya krenkishafti. Ikiyumba, mahali inapokaa pamechimbika, na matengenezo yake ni makubwa. Kanyaga klachi mara kadhaa. Pedali ikizama au gea zikikataa kuingia, silinda ndogo ya klachi kando ya gea boksi huenda inavuja. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa gari hili na si wa gharama kubwa.

Paa, maji na chumvi

Sehemu hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa pwani. Maji ya mvua yanayoanguka kwenye paa la kitambaa hukusanyika nyuma ya viti, kisha hushuka kwa matundu madogo na kutoka chini ya gari. Matundu hayo yakizibwa na majani na vumbi, maji huingia ndani ya gari na ndani ya kizingiti cha chini ya mlango. Chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona kutu nje, ndani kazi imeisha zamani.

Kwa hivyo piga magoti. Pitisha mkono chini ya kizingiti, hasa karibu na gurudumu la nyuma. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale isiposhika, kuna udongo wa fundi wa bodi chini ya rangi. Mwaga maji kidogo nyuma ya viti uone kama yanatoka chini. Inua zulia na unuse, kwani harufu ya uvundo haifichiki. Fungua buti, ambamo ndimo betri inakaa. Gari hili liliundiwa betri iliyofungwa yenye bomba la kutolea hewa nje. Ya kawaida ikiwekwa bila bomba, mvuke wa tindikali hula chuma cha buti.

Paa lenyewe lifunge na ulifungue mara mbili. Dirisha la plastiki hufunguliwa zipu kwanza na kulazwa kabla ya kukunja. Likikunjwa kwa nguvu hupasuka, na likikaa juani hugeuka manjano. Paa jipya lapatikana, kwani Mazda yenyewe ilianzisha Japani huduma ya kufufua magari haya na kuunda upya baadhi ya vipuri, paa likiwemo. Lakini kuagiza, kusafirisha, ushuru na fundi wa kulishona sawasawa ni gharama ya kuondoa kwenye bei unayopewa.

Gari lililowekwa wazi Nyali au Bamburi kando ya bahari kwa miaka mitano laweza kuwa limeumia kuliko lililotembea kilomita laki moja bara. Uliza lililala wapi.

Aibu ya bidhaa husemwa

Kwetu Waislamu jambo hili halikuachwa wazi. Yajulikana namna Mtume (SAW) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamwambia muuzaji angeuweka juu watu wauone, na akawakana wenye kughushi. Mita iliyorudishwa nyuma ni unyevu ule ule chini ya nafaka. Kusema "nauza kama lilivyo" hakumwondolei mtu wajibu wa kutaja aibu anayoijua, na dalali anayejua akanyamaza amo ndani. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wanampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, kwa sharti asicheleweshe baada ya kuigundua.

Sheria ya nchi nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kitu kilichouzwa kwa maelezo chapasa kilingane na maelezo hayo. Ulinzi wa ubora huwa na nguvu zaidi ukinunua kwa mfanyabiashara kuliko kwa mtu binafsi. Kwa hivyo usikubali maneno ya mdomo. Mkataba uandike mwaka, namba ya chesi, kilomita, na sentensi isemayo muuzaji anathibitisha kilomita hizo ni za kweli. Asiyekuwa na la kuficha hatakataa kutia sahihi.

Kabla ya kufungua mkoba

Lipeleke gari kwa fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji, na liinuliwe juu. Uliza bima mapema, kwani kwa gari la umri huu huenda ukapewa ya mtu wa tatu pekee. Tenga pesa za mkanda, tairi, betri, maji yote na raba za breki juu ya bei ya kununulia. Usitoe arubuni kwa sababu umeambiwa kuna mwingine anakuja saa kumi.

Na kama unamnunulia ndugu aliye ng'ambo aliyekutumia pesa, mpigie picha ya chini ya gari kabla ya ile ya ubavuni. Pesa zile ni amana mikononi mwako, na kutu ndiyo anayohitaji kuiona kwanza.